Till, Pochi, namba yako au pesa taslimu: muuzaji mdogo apokee malipo kwa njia gani?

Kila anayefungua kibanda Kenya siku hizi hufika kwenye swali hili kabla hata ya kupanga bidhaa: nichukue till (namba ya biashara ya Lipa na M-Pesa), nifungue Pochi (mfuko wa biashara kwenye laini yangu ya M-Pesa), nitumie namba yangu tu, au nishike noti na sarafu kama zamani? Mara nyingi jibu hutoka kwa jirani wa kibanda, naye jirani hujibu kwa lile lililompata. Aliyeona makato ya till atakwambia usiiguse. Aliyedanganywa kwa ujumbe wa malipo wa bandia atakwambia ubaki na noti. Hakuna anayekaa naye akahesabu.

Nahesabu hapa kwa ajili ya anayeuza vitu vya shilingi hamsini hadi elfu chache: mama wa viazi karai na mahamri, muuza mboga, kinyozi, fundi cherehani, mwendesha bodaboda, mwenye duka la mtaani. Msimamo wangu nautoa mapema ili usisome ukijiuliza naelekea wapi. Kwa walio wengi kati ya hawa, till ndiyo nafuu, na wengi wanaoikwepa wanakwepa makato madogo wanayoyaona huku wakipoteza makubwa wasiyoyaona. Hata hivyo, wapo ambao Pochi inawafaa zaidi, na yapo mambo ambayo noti bado inayamudu vizuri kuliko simu yoyote.

Nani analipa, na shilingi ngapi

M-Pesa ilipoanza Machi 2007 ilikuwa njia ya kutumiana pesa: mtu yuko Nairobi, wazazi wako Kilifi au Kakamega. Wateja ndio walioanza kuitumia dukani, na muuzaji akawa anapokea bei ya unga kwa njia ile ile anayopokelea pesa za matanga kutoka kwa binamu yake. Lipa na M-Pesa ilikuja 2013 kutenganisha mambo hayo mawili. Pochi la Biashara ikafuata baadaye, kwa ajili ya wachuuzi wadogo ambao hawakuwa na haja ya till kamili.

Tofauti ya kwanza, na ndiyo inayogusa mfuko, ni nani anayekatwa. Ukitumiwa kwenye namba yako, mteja ndiye anayelipa ada ya kutuma. Kwenye Pochi ni vivyo hivyo: mteja hulipa kama anayemtumia mtu wa kawaida. Kwenye till mteja halipi chochote. Wewe mwenye till hukatwa asilimia 0.55 ya mauzo, na malipo yasiyozidi Sh200 hayakatwi kabisa. Hivi ndivyo viwango vya baada ya Julai 2023, sheria ya fedha ya mwaka huo ilipopandisha ushuru kwenye ada za kutuma pesa kutoka asilimia 12 hadi 15.

| Mauzo | Namba yako au Pochi (mteja analipa) | Till (muuzaji anakatwa) |
|---|---|---|
| Sh60 | hakuna | hakuna |
| Sh150 | Sh7 | hakuna |
| Sh450 | Sh7 | karibu Sh2.50 |
| Sh1,200 | Sh23 | Sh6.60 |
| Sh3,000 | Sh53 | Sh16.50 |
| Sh8,000 | Sh90 | Sh44 |

Tazama mistari miwili ya kwanza kwanza. Anayeuza sukuma ya sitini na nyanya za arubaini hana tofauti ya ada hata akichagua ipi, kwa sababu kutuma hadi Sh100 ni bure. Akianza kuuza vitu vya kati ya Sh101 na Sh200, till inakuwa bure kwa pande zote mbili, ilhali namba binafsi na Pochi zinamtoza mteja Sh7. Sh7 juu ya sahani ya Sh150 si kidogo kwa mtu anayekula hapo kila mchana. Haongei, lakini anaihesabu, na siku akipata kibanda cha till hatua chache mbele, anahamia huko.

Kutoka Sh200 kwenda juu ndipo muuzaji huanza kukatwa, na hapo ndipo malalamiko yanapoanzia. Ukiangalia jedwali, jumla ya kinachokatwa kwenye till ni ndogo kuliko kile anachotozwa mteja kwenye namba binafsi, katika kila mstari kuanzia Sh150. Kilichobadilika ni kwamba wewe sasa unaiona. Ukiuza gauni la Sh1,200 kwa till, unabaki na Sh1,193.40. Sh6.60 inauma kwa sababu imetoka kwako. Sh23 ya mteja haiumi kwa sababu hukuitoa wewe, lakini imetoka kwenye pesa ambazo angenunulia kifungo au uzi hapo hapo kwako.

"Tuma na ya kutoa"

Halafu kuna desturi ambayo nadhani imewafukuzia wauzaji wateja wengi kuliko bei zao: kumwambia mteja aongeze ya kutoa. Gauni ni Sh1,200, kuitoa kwa wakala ni Sh29, kwa hiyo mteja anatuma Sh1,229, na kutuma kiasi hicho kunamgharimu Sh23. Amelipa Sh1,252 kwa kitu cha Sh1,200. Muuzaji wa till wa jirani amempokea kwa Sh1,200 kamili.

Na ile ya kutoa yenyewe mara nyingi si hasara ya kweli. Jedwali la kutoa kwa wakala lina umbo ambalo wengi hawalitumii vizuri: kuanzia Sh101 hadi Sh2,500 ada ni ile ile, Sh29. Anayetoa Sh500 mara sita kwa wiki ametumia Sh174. Anayetoa Sh3,000 kwa mkupuo mmoja ametumia Sh52. Kwa hiyo kabla hujabadilisha njia ya kupokea, badilisha namna ya kutoa. Jiulize pia kama unahitaji kutoa. Ikiwa msambazaji wa mkate, wa maziwa na wa soda wote wanapokea kwa simu, pesa inaweza kuingia kwako kwa simu na kutoka kwa simu, na noti ukaishika kwa ajili ya nauli tu.

Namba yako mwenyewe

Faida yake ni moja na ni kubwa: tayari unayo. Hakuna fomu, hakuna kusubiri, hakuna cha kujifunza. Hufanya kazi kwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, kama inavyofanya kazi kwenye simu ya bei, bila intaneti. Kwa anayejaribu biashara kwa mara ya kwanza, aone kama maandazi yake yatapata walaji au la, sioni ubaya wa kuanza nayo.

Ubaya unakuja biashara inaposimama. Mauzo, mchango wa harusi, pesa ya chama na karo aliyotuma mjomba vyote vinakaa kwenye salio moja. Jioni unatazama simu, unaona Sh9,000, unajisikia vizuri, na kumbe Sh5,000 ni za chama na Sh2,500 ni za muuza unga unayemlipa kesho. Nimekaa na akina mama ambao wana miaka katika kuuza na wakiulizwa faida yao kwa mwezi hawawezi kuisema. Hesabu wanaijua vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba pesa ya biashara haijawahi kukaa peke yake ikahesabika.

Kuna pia Fuliza, mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio lisipotosha, iliyoanza Januari 2019. Ukiwa na deni la Fuliza kwenye laini yako, pesa inayoingia kwenye M-Pesa yako hukatwa kulipa deni hilo kabla hujaigusa. Kwa mwajiriwa anayepokea mshahara mara moja kwa mwezi, hilo lina mpangilio wake. Kwa muuzaji ni hatari. Ulikopa Jumapili kulipia dawa ya mtoto, Jumatatu asubuhi wateja watatu wanalipa, na pesa yote imeenda kwenye deni. Mtaji wa kwenda Kongowea kununua nyanya alfajiri ya Jumanne haupo tena. Deni lilikuwa la nyumbani, aliyelilipa ni biashara.

La tatu linawagusa zaidi wanawake, na halisemwi vya kutosha. Ukipaka namba yako ya simu kwenye ubao wa kibanda, umeigawa kwa kila apitaye. Simu za usiku za watu usiowajua, jumbe za WhatsApp za kukusumbua, mteja wa mara moja anayejifanya mmezoeana. Sijui kwa nini jambo hili huchukuliwa kama sehemu ya biashara ambayo mwanamke lazima aivumilie, wakati dawa yake ipo: till ina namba yake isiyopigika. Mteja naye analindwa kwa namna hiyo, kwani tangu 2022 namba ya anayelipa kwa till hufichwa, muuzaji aone malipo bila kuichukua namba.

Mwisho, ukiwa na msaidizi, namba binafsi inakuwa mateso. Mteja amelipa, simu iko kwako na wewe uko sokoni, msaidizi anakupigia, "Imeingia?" Hujapokea kwa sababu uko ndani ya matatu yenye kelele. Mteja anangoja na mkate mkononi. Kwenye till ya biashara unaweza kuongeza namba ya msaidizi ili aone malipo yakiingia bila yeye kuweza kuitoa pesa.

Pochi la Biashara

Pochi hutumia laini hiyo hiyo uliyo nayo, lakini pesa huingia kwenye mfuko mwingine uliotengwa na M-Pesa yako ya kawaida. Unaifungua mwenyewe kwa *334#, bila cheti cha biashara. Kwa hilo peke yake inatatua lile tatizo la kuchanganya. Pesa ya chama inabaki upande huu, mauzo upande ule, na wewe ndiye unayeamua lini uhamishe.

Hoja nyingine iliyotumika kuitangaza, na kwa haki, ni ya kurudishiwa malipo. Kwenye kutumiana kwa kawaida, aliyekosea namba anaweza kupeleka ujumbe wake wa M-Pesa kwa 456 akaomba pesa irudi. Ni huduma nzuri, imewaokoa wengi. Lakini wako wateja walioigeuza wizi: amekula, amelipa, ametoka, amefika kona, anaomba pesa irudi eti alikosea. Kwenye Pochi, malipo yakishaingia mteja hawezi kuyarudisha bila mwenye biashara kukubali. Kwa mwendesha bodaboda ambaye abiria wake hutoweka baada ya kushuka, hilo ni jambo kubwa.

Kinachopungua kwenye Pochi ni kwamba mteja bado analipa ada ya kutuma akipita Sh100, na bado unamtajia namba yako ya simu. Kwa hiyo naiona kama njia ya anayetembea na biashara yake: bodaboda, muuza kahawa na kashata, mchuuzi wa kamba za viatu na betri, fundi bomba anayeitwa nyumbani. Malipo yao mengi ni madogo au ya hapa na pale, hawana ukuta wa kubandika namba ya till, na msaidizi hawana.

Till

Nimeshaieleza ada yake. Nibaki na mambo mengine matatu.

Kwanza, till inapokea hata kutoka kwa asiyetumia Safaricom. Tangu Aprili 2022 mwenye Airtel Money au T-kash anaweza kulipa kwenye till ya M-Pesa. Kabla ya hapo mteja wa Airtel alikuwa anaaga akirudi nyumbani kuchukua noti, na wengi hawakurudi.

Pili, kumbukumbu. Kila malipo yana saa, kiasi na nambari ya muamala, na mwisho wa mwezi unaweza kuyasoma. Wauzaji wengi niliowahi kuketi nao wanafikiri taarifa hii ni ya serikali au ya benki tu. Ni yako kwanza. Unaona kwamba Jumatano ndiyo siku yako dhaifu na unapika kidogo. Unaona wateja wa saa kumi na mbili asubuhi ni wengi kuliko ulivyodhani, basi unafungua mapema. Ukienda kuomba mkopo, una kitu cha kuonyesha zaidi ya maneno.

Kuhusu mkopo, nitie neno kwa ndugu zangu wa Pwani wasiotaka riba. Till haikulazimishi kukopa, na historia yake haikufungi kwa mkopeshaji mmoja. Kuna Gulf African Bank, iliyoanza 2008 kwa misingi ya sharia, na kuna Halal Pesa, ambayo benki hiyo inaitoa pamoja na Safaricom. Taarifa ya mauzo yako unaweza kwenda nayo huko pia. Nimesikia watu wakikataa till kwa kudhani ni mlango wa riba. Kupokea bei ya bidhaa yako hakuna riba ndani yake.

Tatu, usalama wa kibandiko. Wako wanaopita usiku na kubandika namba yao juu ya yako. Mteja analipa, wewe huoni kitu, mnabishana. Andika namba yako kwa rangi ukutani, sehemu unayoiona kutoka pale unapokaa, na mzoeshe mteja kusoma jina la biashara kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri. Na jina la biashara lichague liwe lile ambalo watu wanalijua. Ukiandikisha jina la kwenye kitambulisho huku mtaa mzima unakuita Mama Zulfa, kila mteja mpya atasita.

Till pia unaweza kuichukua kupitia benki, pesa ikaingia moja kwa moja kwenye akaunti yako badala ya kukaa kwenye M-Pesa. Benki kubwa karibu zote zina till zao. Inamfaa anayelipa kwa hundi au kwa uhamisho wa benki, au anayejijua kuwa pesa ikiwa kwenye simu haimalizi siku. Anayenunua bidhaa kila alfajiri sokoni itamchelewesha bure. Mashine ya kadi siizungumzii hapa. Kama huuzi kwa watalii au kwenye jumba la biashara, wateja wako hawana kadi mkononi.

Noti na sarafu

Hazijaisha kazi, na anayekwambia funga kabisa droo ya pesa hajauza mboga. Kwenye masoko ya jumla ya Kongowea au Gikomba, mkulima aliyeshusha lori la kabichi usiku anataka pesa mkononi ili alipe wapakuzi na mafuta. Mtoto aliyetumwa chumvi na bibi yake hana simu. Mtandao unapokatika, na huwa unakatika, aliye na noti anaendelea kuuza.

Hatari zake unazijua: wizi, noti bandia, chenji. Chenji hasa inakula muda. Mteja wa Sh70 anakupa Sh1,000 saa moja asubuhi, unakimbia vibanda vitatu, chai inaungua. Na noti inaweza hata kupoteza thamani yake ikiwa umeificha. Juni 1, 2019, aliyekuwa gavana wa Benki Kuu, Patrick Njoroge, alitangaza kwamba noti za zamani za Sh1,000 zingekoma kutumika Oktoba 1 mwaka huo. Waliokuwa wameweka akiba godoroni walikuwa na miezi minne ya kuzibadilisha.

Ninachopendekeza ni kuamua kiasi. Weka droo ya chenji yenye kiwango kimoja kila asubuhi, mfano Sh1,500, na jioni irudishe kiwango hicho hicho. Kinachozidi ni mauzo ya taslimu ya siku hiyo. Hapo hata noti zinahesabika.

Hofu ya KRA

Sasa lile ambalo wengi hawalisemi kwa sauti. Wauzaji wengi wanakataa till si kwa sababu ya asilimia 0.55. Wanaogopa kwamba pesa ikipita hapo, KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, itaiona.

Naielewa hofu hiyo na siidharau. Mtu ameona bei ya mafuta na unga ikipanda, ameona ushuru mpya kila bajeti, na biashara yake inalisha watoto wanne. Lakini tuitazame kwa namba. Kodi ya mauzo, ile ya asilimia 3 tangu Julai 2023, inamhusu mwenye mauzo ya zaidi ya Sh1 milioni na yasiyozidi Sh25 milioni kwa mwaka. Milioni moja kwa mwaka ni wastani wa karibu Sh2,740 kila siku, siku 365. Ukifunga Ijumaa au Jumapili na sikukuu, ukafungua siku 300 tu, ni karibu Sh3,330 kwa siku ya kazi. Mama anayeuza Sh1,800 kwa siku hajafika huko. Till haimwingizi kwenye kodi ambayo mauzo yake hayajaifikia. Anabaki na wajibu wa kawaida wa kujaza ritani ya mwaka kwa PIN yake ya KRA.

Na aliyepita kiwango hicho anadaiwa hata kama anapokea noti tupu. Kodi inatozwa kwenye mauzo, haijali yamepita njia gani. Jambo la kuangalia kwa anayepita ni kwamba asilimia 3 hukatwa kwenye mauzo yote kabla ya gharama. Mwenye mauzo ya Sh1.2 milioni analipa Sh36,000, awe amepata faida kubwa au ndogo. Biashara ya faida nyembamba, kama ya kuuza sukari na unga, inaumia hapo kuliko ya kinyozi. Ikiwa uko karibu na kiwango hicho, ndipo kumbukumbu safi inapokusaidia zaidi, maana utaweza kuonyesha kwamba Sh40,000 zilizoingia ni mchango wa msiba na si mauzo. Aliyechanganya kila kitu kwenye namba binafsi ndiye atakayepata taabu kueleza. Hofu ya KRA, ukiifuata mpaka mwisho wake, inakuelekeza kwenye kutenganisha pesa.

Ujumbe wa uongo

Njia zote za simu zina ugonjwa huu. Mtu anakuonyesha simu yake: "Nimetuma, angalia." Ujumbe unafanana kabisa na wa kweli. Au unaingia kwenye simu yako kutoka namba ya kawaida badala ya kutoka MPESA. Usisome maneno, angalia salio. Ukiwa na foleni na huna muda wa kuangalia salio, angalau angalia jina la aliyeleta ujumbe. Ukipata wa kitapeli, upeleke kwa 333, ni bure. Mzoeshe msaidizi wako kwamba kuonyeshwa simu ya mteja si malipo. Hapo ndipo wengi wanapoibiwa, mchana, duka likiwa limejaa.

Ningekushauri hivi

Mwenye kibanda kisichohama, duka, saluni, hoteli ya mtaani au cherehani: chukua till, na acha droo ndogo ya chenji. Ukiwa na msaidizi, usikawie. Ukiona asilimia 0.55 inakuuma kwenye vitu vya bei, ihesabu kwenye bei tangu mwanzo badala ya kumwambia mteja aongeze wakati wa kulipa.

Mwendesha bodaboda, mchuuzi wa kutembea, fundi wa kuitwa: fungua Pochi leo, hata kabla hujamaliza kusoma. Ikiwa safari zako nyingi ni chini ya Sh100, mteja hatalipa ada. Ukianza kubeba mizigo ya Sh400 na Sh500 kila siku, fikiria till na uandike namba yake kwenye koti.

Anayejaribu biashara: namba yako inatosha mwezi wa kwanza, mradi uwe na daftari, na mradi usiwe na deni la Fuliza kwenye laini hiyo. Ukiwa nalo, anza na Pochi moja kwa moja.

Anayeuza jumla sokoni: utaishi na noti kwa muda bado. Lakini wateja wako wa rejareja wanaonunua kwa Sh2,000 na Sh3,000 wangeshukuru kuiona till, kwa sababu wao ndio wanaotembea na pesa hizo alfajiri gizani.

Msomaji wa Tanzania, kwako ni Lipa Namba badala ya till, na mtandao ni zaidi ya mmoja mkubwa. Viwango vyako ni tofauti na hivi vya Kenya, kwa hiyo usichukue jedwali langu. Chukua maswali: nani anakatwa kwenye mauzo yako ya kawaida, pesa yako ya nyumbani inakaa wapi, na ukitaka kumlipa msambazaji utaitoa kwa kiasi gani.

Maswali hayo hayo muulize wakala anayekuandikisha, Mombasa au Dodoma. Muulize pia till ikifungwa kwa hitilafu ya usajili unampigia nani, na ni hati gani zitahitajika kuifungua. Atakayekosa jibu la hilo, nenda kwa mwingine, kwa sababu siku till ikikwama na mtaji wako wote uko ndani, ndilo swali pekee utakalokuwa nalo.